Namna ya kuandaa viza na vibali unapokwenda kujitolea nchi ya nje

Vijana wengi wa hapa Lubumbashi, nchini Kongo, wanaoniletea karatasi zao nizisome huwa wameshapata barua ya shirika la nje, wameshaaga parokiani, na pengine wameshauza simu ili wapate nauli. Karibu wote huniambia jambo moja: kwa kuwa hawatalipwa mshahara, viza ya matembezi itawatosha. Ninaandika mwongozo huu hasa kwa sababu ya imani hiyo, maana ndiyo iliyowarudisha wengi kutoka mpakani. Sheria za uhamiaji za nchi nyingi hazitazami kama unalipwa, zinatazama unachokifanya. Kufundisha darasani, kumsaidia muuguzi wodini, kuchimba kisima au kutunza hesabu za kituo cha yatima huhesabiwa kuwa kazi, hata kama malipo yako ni sahani ya ugali na kitanda.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa fomu yoyote, liombe shirika linalokupokea likuandikie barua inayojibu mambo manne: utafanya kazi gani, mahali gani, chini ya usimamizi wa nani, na kuanzia tarehe ipi hadi ipi. Barua hiyo iseme pia nani atagharamia malazi, chakula, matibabu na nauli ya kurudi. Ukiipata, isome pamoja na mkataba wako, sentensi kwa sentensi. Nimewahi kushika faili ambamo mwaliko ulisema kijana anakuja kutembelea shule, na mkataba ukasema atafundisha hesabu saa kumi na nane kwa wiki. Afisa akiona maneno mawili yasiyolingana hana haja ya kuuliza tena, na mwenye kosa mbele yake ni wewe, hata kama aliyeandika vibaya ni mwenyeji wako.

Nitaanza na Tanzania, kwa kuwa wengi wetu huelekea huko: lugha tunaielewa, barabara ipo, na Ubalozi Mdogo wa Tanzania uko hapahapa Lubumbashi. Mtu anayejitolea Tanzania Bara anahitaji vibali viwili, na ni lazima uelewe kwamba kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Cha kwanza ni kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni. Sheria hiyo imegawa vibali katika madaraja, kuanzia A hadi E, na Daraja D ndilo la wale wanaofanya shughuli za dini na za hisani katika mashirika yaliyosajiliwa. Cha pili ni kibali cha ukaazi kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji. Huko daraja lako ni C, ambalo unalishiriki na wanafunzi, watafiti na wamisionari. Ukisikia mtu anasema kwamba ana Daraja C na hivyo amemaliza, muulize kibali chake cha kazi kiko wapi. Tena sheria ile ya 2015 ni ya Tanzania Bara peke yake. Ukipelekwa Zanzibar, masuala ya kazi yanashughulikiwa na mamlaka za Zanzibar zenyewe.

Maombi huanzishwa na shirika mwenyeji kwa njia ya mtandao, nalo ndilo linaloonyesha cheti chake cha usajili. Hapo utajua kama shirika lina uzito. Lenye usajili halali halioni tabu kukutumia nakala ya cheti, na lile linalokwambia uingie kwanza kama mtalii, mengine mtayamaliza ukishafika, linakutwika mzigo ambao ni wake. Mimi humshauri kila kijana abaki nyumbani mpaka aone vibali kwa macho yake, hata kama miezi itapita na marafiki wataanza kumuuliza mbona bado yuko hapa mtaani Katuba.

Kuna maelezo mengine yanayowapotosha watu, nayo yanahusu Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022, na tangu hapo kuingia katika baadhi ya nchi jirani kumekuwa rahisi zaidi kwetu; Kenya, kwa mfano, ilituondolea viza mwaka 2023. Jambo hilo ni la kushukuru. Lakini ruhusa ya kuingia na ruhusa ya kufanya kazi ni vitu viwili tofauti. Huko Kenya, anayejitolea katika shirika la dini au la hisani huombewa kibali cha Daraja I (ni herufi I, si namba moja), na mgeni anayekaa zaidi ya miezi mitatu anatakiwa pia kujiandikisha ili apate cheti cha mgeni. Kuvuka mpaka bila viza hakuondoi hata moja kati ya masharti hayo.

Sasa nije kwenye karatasi zako mwenyewe, na hapa naomba usome polepole, kwa maana tatizo kubwa la Mkongomani ni majina. Sisi tuna nom (jina la ukoo), post-nom (jina la pili linaloandikwa baada yake) na prénom (jina la kwanza, mara nyingi la ubatizo). Fomu za nje zina nafasi mbili tu, ya jina la ukoo na ya majina mengine. Mmoja huweka post-nom upande huu, mwingine upande ule, na baada ya miezi mitatu vibali vinatoka kwa jina ambalo halimo katika pasipoti. Dawa yake ni hii: fungua ukurasa wenye picha na utazame mistari miwili ya chini kabisa, iliyojaa alama kama vichwa vya mishale. Mstari wa juu unaanza na herufi P, kisha COD, yaani nchi yetu. Yanayofuata mpaka penye alama mbili zilizofuatana ni jina la ukoo. Yanayokuja baada yake ni majina mengine. Jaza fomu zote kwa mpangilio huo, wala usifuate mazoea ya shuleni. Kama diplome d'État yako (cheti cha kumaliza sekondari) imekosa jina moja, au imelikosea herufi, shughulikia jambo hilo hapa nyumbani kabla ya kuomba chochote.

Diploma yenyewe iko kwa Kifaransa, kwa hiyo itafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, na tafsiri ifungwe pamoja na nakala iliyothibitishwa. Casier judiciaire, yaani hati ya polisi au mahakama kuhusu rekodi yako ya makosa ya jinai, iombwe mwishoni, kwa sababu ofisi nyingi hukataa iliyozeeka. Pasipoti iwe na angalau miezi sita zaidi ya siku utakayomaliza huduma. Chanjo ya homa ya manjano uipate siku kumi au zaidi kabla ya safari, kwa kuwa cheti chake huanza kutambuliwa siku ya kumi. Tangu mwaka 2016 cheti hicho kinatumika maisha yote, kwa hiyo asikutoze mtu pesa ya kukirudia.

Wanaokwenda Ulaya wajue kwamba viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ni ya siku 90 ndani ya kila siku 180, na kwamba huduma ya mwaka mzima huombewa viza ya taifa husika. Ujerumani ina Bundesfreiwilligendienst, yaani huduma ya kujitolea ya serikali kuu, iliyoanzishwa mwaka 2011, ambayo kwa kawaida huchukua miezi 12, nayo hutoa posho ndogo ya matumizi. Uingereza ina viza ya Charity Worker, isiyozidi miezi 12, ambayo mwombaji hupewa cheti cha udhamini na shirika lenye leseni, na haruhusiwi kupokea malipo zaidi ya gharama za lazima. Huombwa kuonyesha pauni 1,270 zilizokaa benki siku 28, isipokuwa mdhamini akithibitisha kwamba atamtunza, na Mkongomani anayekwenda kwa zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu. Aliyeingia Uingereza kama mgeni wa kawaida anaweza kujitolea katika shirika la hisani lililosajiliwa kwa siku zisizozidi 30.

Kwa wasafiri wa basi wanaokwenda Tanzania, njia ni Kasumbalesa kwenye mpaka wetu na Zambia, kisha Zambia yote, hadi Nakonde na Tunduma kwenye mpaka wa Tanzania. Zambia ni nchi unayoipita, lakini nayo ina masharti yake. Yaulizie kwenye ubalozi wake mdogo hapa mjini kabla ya kukata tikiti. Ukiulizwa mpakani unakwenda kufanya nini, jibu kama barua yako inavyosema. Ukisema unakwenda kutembea huku begi lako limebeba mkataba wa kujitolea, umesema uongo mbele ya serikali. Afisa akirudisha pasipoti, usiondoke dirishani. Isome mihuri. Mimi niliwahi kuondoka bila kusoma, na nilipofika kituo cha basi nikaona siku zilizoandikwa kwa kalamu zilikuwa saba, wakati nilihitaji thelathini. Nilirudi mbio na mizigo begani, na kwa neema ya Mungu nikasikilizwa, ila basi lilikwishaondoka.

Ukishafika, kumbuka kwamba kibali kimefungwa kwa shirika lililokiomba na kwa kazi iliyotajwa ndani yake. Shule jirani ikikuomba uisaidie Jumamosi, au shirika lako likakuhamishia mkoa mwingine, uliza uhamiaji kwanza. Kibali cha kazi cha Tanzania huwa cha miezi 24 na huweza kuongezwa, ila jumla yake ina kikomo kilichowekwa na sheria. Andika tarehe ya mwisho ya kila kibali mahali unapoiona kila siku, na miezi mitatu kabla yake mwandikie msimamizi wako kwa maandishi, ukimuuliza kama maombi ya kuongeza yamekwisha kuanzishwa. Nakala za pasipoti, vibali na mihuri mwachie mama au kaka yako hapa nyumbani, ili pasipoti ikipotea huko, ubalozi wetu uwe na pa kuanzia.