Ukivuka Rusumo kwa baiskeli, hamishia kioo kushoto

Kwa wanaopanga safari ya baiskeli kutoka Tanzania kwenda Rwanda: ng'ambo ya daraja la mto Kagera magari yanapita kulia. Mwenye gari anabadilisha upande tu, basi. Wewe una kioo cha pembeni upande wa kulia wa usukani, na ukishahamia kulia mwa barabara kitakuonyesha majani. Kilegeze na ukifunge kushoto ukiwa bado kwenye maegesho, maana ukitoka tu unaanza kupanda mlima, na malori ya mizigo yanayokwenda Kigali yanakupita karibu kweli kweli. Kwenye mzunguko wa barabara, angalia kushoto kwanza. Mazoea ni kitu kibaya, shingo itageuka kulia yenyewe.

Mihuri yote miwili, wa kutoka na wa kuingia, inagongwa kwenye jengo la nchi unayoingia, kwa hiyo usishangae ukipita upande wa Tanzania bila kugongewa kitu. Baiskeli isukume hadi mahali unapoiona ukiwa kwenye foleni.

Nguo ulizozifunga kwenye mifuko ya plastiki zihamishie kwenye gunia jepesi au kitambaa cha turubai kabla hujafika. Rwanda imepiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008 na wanakagua. Saa nayo irudishe nyuma: saa 4 asubuhi ya Ngara ni saa 3 kule, kwa hiyo jua nalo linazama mapema kwa saa yao.