Kumwonyesha nahodha picha ya droni akiwa usukanini

Marubani wa helikopta za kisasa za Apache za Marekani huweza kuona video ya droni papo hapo kwenye skrini iliyo mbele yao. Nami nimeiga hilo kwenye mashua ya baba mdogo, tukitokea Sahare, Tanga.

Jua la saa sita huigeuza tableti inayoonyesha video kuwa kioo cha kujitazamia. Izungushie boksi, ndani upake rangi nyeusi isiyong'aa, kisha pandisha mwanga hadi mwisho.

Wengi hukosea hapa: elekeza kamera ya droni kule omo (mbele ya mashua) ilikoelekea. Picha ikipinduka, nahodha atakata kulia badala ya kushoto, na mwamba uko palepale. Maandishi ya kwenye skrini yafute, bakiza ya betri tu.

Video huchelewa kidogo. Mimi humwambia, "Baba, hiyo imeshapita, punguza mwendo."