Hedifoni za elektroniki za renji: angalia kikombe kwanza, betri baadaye

Kama unaenda renji, yaani uwanja wa kupigia shabaha, na unataka kununua hedifoni za elektroniki, jua kwanza kwamba ile elektroniki siyo inayolinda masikio yako. Kinachozuia mlio wa risasi ni kile kikombe cha plastiki, sponji iliyo ndani yake, na ule mto laini unaokaa kwenye ngozi kuzunguka sikio. Toa betri zote uweke mfukoni, ulinzi unabaki vilevile. Maiki na betri kazi yake ni moja tu, kukufanya usikie watu bila kuvua, na hiyo kazi ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani.

Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye laini ya shabaha pamoja na maaskari wa kampuni za ulinzi hapa Uganda anajua inavyokuwa. Afande anatoa amri akiwa nyuma, aliyevaa hedifoni za kawaida hashiki maneno vizuri, anaingiza kidole anainua kikombe kimoja ili asikie kasemwa nini, na sekunde hiyohiyo jirani yake anaachia risasi. Basi sikio hilo limepokea mlio wote mzima bila kitu mbele yake. Hedifoni ya elektroniki inatibu hapo hasa: inanasa sauti za kawaida kwa maiki, inakuletea ndani, na mlio mkubwa ukija inakata au inashusha. Nyingi zinaweka kikomo cha karibu desibeli 82 mpaka 85 kwa ile sauti inayopita kwenye spika. Kwa hiyo huna tena sababu ya kuinua kikombe.

Kuhusu ukubwa wa huo mlio, tusiuchukulie poa. Bunduki na bastola nyingi zinatoa kati ya desibeli 150 na 165 karibu na sikio la mpigaji, hata ile raifo ndogo ya .22 inafika karibu 140. Na 140 ndo kiwango ambacho wataalamu wa usalama kazini wanasema mlio wa ghafla usipite kwa sikio lililo wazi. Desibeli hazihesabiwi kama kilo za sukari, kila zikipanda 10 nguvu ya sauti imezidi mara 10, kwa hiyo kutoka 140 kwenda 160 ni mara 100. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopeleka sauti kwenye mshipa wa fahamu, vikifa havioti tena, hakuna dawa wala operesheni ya kuviotesha. Na vinavyoanza kufa ni vya sauti nyembamba, ndo maana mtu aliyepiga bunduki miaka mingi bila kinga anakwambia nasikia lakini sielewi, herufi kama s na f zinampotea, anauliza mara mbili mbili, mwisho anaacha kuongea na watu kwenye simu. Wapo wazee wengi waliotumikia jeshi na polisi wako hivo, na watu wa nyumbani wanadhani ni uzee tu.

Sasa dukani. Kitu cha kwanza geuza boksi utafute namba ya kuzuia sauti. Bidhaa za soko la Marekani zinaandika NRR, za Ulaya zinaandika SNR, na hizi namba mbili usizilinganishe kichwakichwa maana zinapimwa tofauti na SNR kwa kawaida inakuwa juu zaidi kwa kitu kilekile. Mfano Sordin Supreme Pro, hedifoni ni moja, Marekani inahesabiwa NRR 18 na Ulaya SNR 25. Muuzaji akikwambia hii yangu ni 25 na ya jirani ni 22, muulize 25 ya wapi. Howard Leight Impact Sport ambayo watu wengi wanaanza nayo ina NRR 22, Walker's Razor ina 23, Peltor Sport Tactical 500 ina 26 lakini vikombe vyake ni vinene. Kama boksi halina namba yoyote, wala alama ya kiwango kama ANSI ya Marekani au EN 352 ya Ulaya, rudisha, haijalishi inang'aa vipi au ina bluetooth. Kwa Ulaya hizi za elektroniki zinazopitisha sauti na kukata zina kiwango chake, EN 352-4, ukikiona hicho kimeandikwa ni dalili nzuri.

Na usichukue ile namba ukatoa moja kwa moja ukajiona salama. Ile namba imepimwa maabara, mtu kavaa vizuri, kanyoa, hana miwani. Ukichukua mlio wa 160 ukatoa 22 unapata 138, uko chini ya 140 kwa uzi tu, na hapo ni kama umevaa bila kosa. Ndo maana mimi nashauri kwa yeyote anayepiga bunduki kubwa, au anayepigia ndani ya jengo au chini ya bati ambako mlio unagonga ukuta unarudi, avae vyote viwili: vizibo vya sponji ndani ya sikio na hedifoni juu yake. Kuongeza kizibo chini ya hedifoni kunakupa kama desibeli 5 zaidi ya kile kilicho na nguvu kati ya viwili hivyo, na elektroniki hapo ndo inaonyesha thamani yake maana unapandisha voliumu kidogo na bado unamsikia afande ijapokuwa umeziba mara mbili. Kizibo chenyewe kina namna yake. Kiviringishe kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama kijiti cha kiberiti, pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kiingize, kishikilie kwa kidole nusu dakika hivi kifure. Kikibaki kinaning'inia nje hakijaingia, toa anza upya. Pamba ya kawaida au karatasi ya tishu haizuii kitu cha maana, na zile hedifoni za muziki zinazosemwa zinafuta kelele nazo achana nazo kabisa hapa, zile zimetengenezwa kwa muungurumo wa ndege au basi, mlio wa risasi unakuwa umeshapita kabla hazijafanya lolote.

Turudi kwenye kuvaa, maana hapa ndo pesa nyingi inapotea. Vaa hedifoni ikiwa imezimwa. Sikiliza kelele za barabarani, za boda, za watu. Halafu bonyeza vikombe viwili kwa viganja vyako kuelekea kichwani. Kama kelele imepungua sana ulivyobonyeza, basi kabla ya hapo kulikuwa na uwazi mahali, hewa inapita na sauti inapita nayo. Rekebisha utepe wa juu, sogeza nywele, jaribu tena, ikikataa hiyo siyo saizi yako. Miwani yenye mikono minene inaachia mwanya hapohapo nyuma ya jicho, na renji lazima uvae miwani ya kinga, kwa hiyo nenda dukani nayo. Tafuta miwani yenye mikono myembamba na bapa, au hedifoni yenye mito ya jeli ambayo inajikunja kufuata umbo. Jeli ni ghali lakini kwa mtu mwenye miwani, kwa dada aliyesuka rasta nene, au anayevaa hijabu, inastahili kila shilingi. Kitambaa kikipita chini ya mto ulinzi unashuka, hijabu nyepesi ivaliwe juu ya hedifoni au ifungwe kwa namna ambayo mto unagusa ngozi. Kofia na bereti vilevile, zivuliwe masikioni.

Kitu kingine ambacho hutaona kwenye boksi ni shavu. Ukipiga bastola hakuna shida, lakini ukiegemeza shavu kwenye kitako cha SMG (ile AK-47) au pampu (ile bunduki ya marisau), sehemu ya chini ya kikombe inagonga kitako, kikombe kinasukumwa juu na mwanya unafunguka wakati uleule unapovuta kifyatulio. Dukani huwezi kuingia na silaha, basi omba mpini wa ufagio au mwamvuli, weka begani ulaze shavu kama unalenga, usikilize kama sauti imebadilika. Vikombe vyembamba vilivyokatwa chini vinafaa zaidi kwa bunduki ndefu, hata kama namba yake ni ndogo kidogo, kwa sababu NRR 26 iliyoinuliwa na kitako ni mbaya kuliko 22 iliyokaa. Na kama unapigia bega la kulia, sikio lako la kushoto ndo linaelekea mdomo wa bunduki na linakula zaidi, hilo ulikague mara mbili.

Sasa washa. Maiki ziwe mbili, moja kila upande, ujue sauti inatoka wapi, ukiwa na maiki moja kila kitu kinasikika kama kiko katikati ya kichwa na mtu akikuita hujui ugeukie wapi. Mwambie mtu apige makofi karibu na maiki huku mwingine anaongea. Kuna zile za bei nafuu ambazo zikisikia kishindo zinazima kabisa, kimya, halafu zinarudi baada ya muda. Ukiwa peke yako hiyo inavumilika, lakini kwenye laini yenye watu kumi kila mmoja anapiga kwa wakati wake inakuwa inazima na kuwaka, inazima na kuwaka, na amri unayopata ni vipande. Fikiria hilo neno lililokatwa ni lile la kusimamisha risasi. Zilizo nzuri hazizimi, zinashusha tu kile kishindo na maneno yanaendelea kusikika chini yake. Kwa maoni yangu hicho ndo kitu cha kulipia, siyo bluetooth.

Betri nyingi ni zile ndogo za AAA, kama za rimoti, zinapatikana hadi duka la kijijini, na hiyo ni faida kubwa kwetu. Za kuchaji kwa USB ni nzuri kama una umeme wa uhakika, lakini ukiwa renji ya mbali na chaji imekata huna la kufanya isipokuwa kubaki na kikombe bila sauti. Chukua betri za alkalini, zile za bei ya chini kabisa zinavuja na kuozesha vile vichuma vinavyoshika betri. Angalia pia kama inajizima yenyewe baada ya saa kadhaa, Impact Sport inajizima baada ya saa 4, inakuokolea betri ukisahau.

Bei, hizo za kuanzia kule Marekani ni kama dola 50 mpaka 70, ukiongeza usafiri na ushuru mpaka Kampala inapanda vizuri. Sordin na zile za kijeshi ni dola mia kadhaa. Kama wewe ni meneja wa kampuni ya ulinzi na una maaskari wengi wa kupeleka mafunzoni usijaribu kumnunulia kila mtu ya elektroniki halafu ukaishia kununua feki. Wape wote vizibo vya sponji na hedifoni za kawaida zenye namba, na za elektroniki wape wakufunzi na wanaosimamia usalama wa laini. Mkufunzi ndiye anayesimama hapo kundi baada ya kundi, risasi anazozisikia kwa siku moja askari mmoja hazifikii hata kwa miaka, na ndiye anayetakiwa kusikia zaidi ya wote. Kwake chagua yenye tundu la kuchomeka redio kol.

Ukitoka renji masikio yanalia wiii au unasikia kama umejazwa pamba, kinga yako haikutosha, usiseme itazoea. Ikiendelea mpaka kesho yake, au upande mmoja umepotea ghafla, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo haraka, hospitali ya Mulago wapo, siyo kusubiri mwezi uishe.

Kutunza ni kazi ndogo. Jasho na mvua za kwetu vinaua maiki, ukirudi futa mito kwa kitambaa kikavu, toa betri kama hutaitumia wiki hizi, iweke kwenye mfuko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, isikae kwenye dashibodi juani. Mito ikianza kuwa migumu au kupasuka badilisha, kwa anayetumia mara kwa mara ni kila miezi sita mpaka mwaka, na kabla hujalipa muulize muuzaji kama mito ya kubadilisha anauza, maana hedifoni ambayo mito yake haipatikani utaitupa nzima.