Jinsi ya kukagua dawa ya maumivu kwa mgonjwa anayetumia dawa ya sonona

Cheti kikija na tramadoli ya maumivu na fluoksetini ya sonona, wengi hukumbuka hatari ya serotonini, kemikali ya neva, kuzidi mwilini, humpa mgonjwa onyo na kutoa dawa. Lakini kuna jambo la pili linalotendeka ndani ya ini, na ndilo linalomrudisha mgonjwa siku ya tatu akilalamika kwamba dawa haimsaidii. Akiongezewa dozi, lile la kwanza ndilo linalonenepa. Mwongozo huu ni wa mfamasia, tabibu au muuguzi anayetaka kuyapima yote mawili kabla dawa haijatoka dirishani.

Pata orodha ya kweli

Uliza dawa za wiki 6 zilizopita, si za leo tu. Wiki hizo zinatokana na fluoksetini. Kwa aliyeitumia muda mrefu, kiwango chake hupungua nusu kwa siku 4 hadi 6, na zao lake, norifluoksetini, huchukua siku 4 hadi 16. Anayesema aliiacha mwezi uliopita huenda bado anayo mwilini. Paroksetini hutoka upesi zaidi, nusu yake kwa takriban saa 21, ila hukiharibu chenyewe kimeng'enya cha ini kinachogeuza dawa, CYP2D6, hivyo mwili hulazimika kutengeneza kingine, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa.

Swali la "unatumia dawa ya sonona?" halitoshi. Mgonjwa atajibu hapana bila kudanganya, maana amitriptilini alipewa kwa ajili ya kipandauso, duloksetini kwa maumivu ya neva na bupropioni aache sigara. Taja matumizi hayo moja moja. Uliza pia kuhusu dawa ya kikohozi yenye dekstromethofani. Kwa aliyelazwa, tazama kama amepewa linezolidi au methilini bluu. Hakuna anayeziita dawa za sonona, lakini zote mbili huzuia monoamini oksidesi, kimeng'enya kinachovunja serotonini.

Iulize dawa ya maumivu maswali mawili

Je, inahitaji kugeuzwa na kimeng'enya CYP2D6 ndipo ifanye kazi? Je, inaongeza serotonini?

Morfini na haidromofoni: hapana na hapana. Huondolewa kwa kuunganishwa na glukuronidi, na CYP2D6 haina neno nazo. Kodeini inahitaji kugeuzwa. Ni asilimia 5 hadi 10 tu yake inayogeuka kuwa morfini, na hiyo ndiyo inayotuliza maumivu. Kwa serotonini haina makuu. Pethidini, methadoni na fentanili hazitegemei CYP2D6, lakini zinagusa serotonini, pethidini ikiwa mbaya kuliko zote. Oksikodoni hufanya kazi yenyewe, kwa hiyo kuzuiwa kwa CYP2D6 huibadilisha kidogo tu. Huvunjwa zaidi na kimeng'enya kingine, CYP3A4.

Tramadoli ndiyo inayojibu ndiyo mara mbili, na hapo ndipo pa kutulia. Kidonge kimoja kina kazi mbili. Dawa yenyewe, kabla ya kuguswa na ini, huzuia serotonini na noradrenalini zisirudi kwenye neva, sawa na dawa ya sonona. Nguvu yake ya kiopioidi, yaani ya kutuliza kama morfini, hutoka kwenye zao lake, O-desimethilitramadoli, linaloshika kipokezi cha mu, ambapo opioidi hufanyia kazi, kwa nguvu kubwa mno kuliko tramadoli. Funga CYP2D6, na zao hilo hupungua huku dawa mama ikirundikana. Maumivu hayatulii, serotonini inapanda, na hatari ya degedege inapanda nayo. Mtu akiongeza dozi hapo anaongeza sumu, kwa kuwa tiba haizalishwi.

Kisha pima ukali wa kizuizi

Fluoksetini, paroksetini na bupropioni ni vizuizi vikali vya CYP2D6. Duloksetini ni ya kati. Setralini ni dhaifu kwa 50 mg, lakini kuanzia 150 mg kwa siku ihesabu kuwa ya kati. Sitalopramu, esitalopramu na venlafaksini ni dhaifu, na mirtazapini karibu haina athari. Kumbuka kuwa udhaifu huu ni wa kimeng'enya tu. Venlafaksini na tramadoli bado zinakutana kwenye serotonini.

Ikiwa mgonjwa ana majibu ya kipimo cha jeni ya CYP2D6, usiyasome peke yake. Mwongozo wa CPIC, jopo linalotoa miongozo ya dawa kwa kufuata jeni, huzidisha alama ya jeni kwa 0 mgonjwa akiwa kwenye kizuizi kikali, na kwa 0.5 akiwa kwenye cha kati. Aliyezaliwa na kimeng'enya kizima, akimeza paroksetini, huwa sawa na aliyezaliwa bila nacho.

Bupropioni na tramadoli ziwekee alama nyekundu. Bupropioni hufunga CYP2D6 na pia hushusha kizingiti cha degedege, tena kwa mtu ambaye tramadoli yake imekwisha kurundikana. Hakuna maumivu yanayohitaji mchanganyiko huo hasa.

Badilisha dawa ya maumivu, si ya sonona

Kusimamisha paroksetini ghafla ili kodeini ifanye kazi ni kosa. Mgonjwa atapata kizunguzungu, wasiwasi na hisia kama za umeme kichwani, na sonona inaweza kurudi. Isitoshe, siku chache baadaye kimeng'enya hufufuka, na dozi ileile ya kodeini au tramadoli, iliyokuwa imepandishwa kwa sababu haikuwa ikifanya kazi, huanza kuzalisha opioidi kwa wingi. Usingizi mzito na pumzi hafifu huja wakati kila mtu ameshaacha kuangalia. Kizuizi kikiachwa kwa sababu yoyote, shusha dozi ya dawa ya maumivu mapema na panga kumwona mgonjwa tena.

Kwa maumivu yanayohitaji opioidi, morfini ndiyo njia fupi. Usiingie mtego wa hesabu, hata hivyo. Majedwali mengi huifanya tramadoli kuwa sawa na 0.1 au 0.2 ya morfini ya kumeza. Kwa 0.2, mtu wa tramadoli 400 mg kwa siku angestahili morfini 80 mg. Lakini huyu yuko kwenye paroksetini, na mwili wake haujazoea opioidi kama karatasi inavyodai. Mwanzishie kama mgeni: morfini ya kumeza 5 mg kila saa 4, au 2.5 mg kwa mzee, kisha upandishe kwa kumtazama. Mwenye figo dhaifu mpe kidogo zaidi na kwa nafasi ndefu, maana mazao ya morfini hutoka kwa figo.

Tramadoli ikibaki kuwa chaguo pekee kwa mtu wa sitalopramu au mirtazapini, anza chini na usivuke 400 mg kwa siku, au 300 mg kwa aliyezidi miaka 75.

Mtego mwingine uko upande wa pili wa kabati. Anayekwepa opioidi hukimbilia ibuprofeni au diklofenaki. Chembe sahani za damu huhitaji serotonini ili zigandane vizuri, na dawa za sonona za kundi la SSRI, kama fluoksetini na setralini, huzinyima. Zikikutana na diklofenaki, tumbo linaweza kuvuja damu. Anza na parasetamoli. Ikilazimu ibuprofeni, iwe kwa siku chache, na omeprazoli kando yake.

Wa monoamini oksidesi na wa methadoni

Kwa anayetumia fenelizini au tranilisipromini, dawa za sonona zinazozuia monoamini oksidesi, pethidini na tramadoli hazitolewi kabisa, wala ndani ya siku 14 baada ya kuziacha. Mwaka 1984 msichana wa miaka 18 aliyekuwa kwenye fenelizini alipewa pethidini hospitalini New York na akafariki. Kesi hiyo ndiyo iliyozaa kanuni za kupunguza saa za kazi za madaktari wa mafunzo katika jimbo hilo.

Methadoni na sitalopramu au esitalopramu zote hurefusha QT, muda fulani katika mchoro wa umeme wa moyo (ECG), hivyo pima ECG kabla ya kuziunganisha na baada ya kila ongezeko la dozi. QTc, yaani QT iliyorekebishwa kwa kasi ya mapigo, ikivuka milisekunde 500, mchanganyiko huo usiendelee. Sitalopramu kwa aliyezidi miaka 60 isizidi 20 mg. Fluvoksamini huzuia methadoni isivunjwe, kwa hiyo kuianza au kuiacha hubadilisha kiwango cha methadoni hata kama dozi haijaguswa.

Kuitambua sumu ya serotonini

Huanza mara nyingi ndani ya saa 24 baada ya dawa mpya au dozi kuongezwa. Vigezo vya Hunter, vinavyotumika kuitambua sumu hii, hutegemea zaidi klonasi, na hiyo unaipima bila kifaa: kunja wayo wa mgonjwa kwenda juu kwa ghafla kisha uushikilie. Mguu ukipigapiga wenyewe, hiyo ni klonasi. Ikiwa ameanza dawa inayoongeza serotonini na ana klonasi ya kuchochewa pamoja na msukosuko au jasho, umeshapata jibu. Kutetemeka pamoja na goti linaloruka kupita kiasi likigongwa kunatosha pia.

Aliyekosa opioidi ghafla naye hutoka jasho, huharisha na mboni hupanuka, lakini klonasi hana. Aliyezidisha opioidi huwa na mboni ndogo kama tundu la sindano na pumzi chache.

Kwa mwenye sumu ya serotonini, simamisha dawa zote mbili, ya maumivu na ya sonona. Toa oksijeni na maji ya mshipa, na diazepamu kwa msukosuko na misuli iliyokaza. Siproheptadini, dawa inayopinga serotonini, ikipatikana, huanza na 12 mg kwa mdomo, kisha 2 mg kila saa 2 hadi dalili zitulie. Joto usilipigie parasetamoli: linatoka kwenye misuli, si kwenye kidhibiti joto cha ubongo, hivyo mpoze mwili kwa nje. Akihamishiwa chumba cha mahututi, andika wazi kwenye fomu ya rufaa kwamba asitulizwe kwa fentanili.

Kwa aliyezidisha tramadoli, naloksoni, dawa inayozima opioidi, hurudisha pumzi lakini haigusi serotonini na inaweza kuleta degedege. Itoe kidogo kidogo, diazepamu ikiwa tayari kwenye sindano.