Mchanganuo wa biashara wa kuombea mkopo: anza na rejesho, malizia na maelezo

Wengi huandika mchanganuo kwa mpangilio wa ukurasa: utangulizi, dira, malengo, soko, na mwisho kabisa hesabu, ambazo hupangwa zifanane na maneno yaliyokwisha kuandikwa. Afisa mikopo anausoma kinyume. Anafungua hesabu kwanza, na anachotafuta ni kimoja: mwezi biashara ikiyumba, rejesho litatoka wapi? Basi nawe anzia hapo.

Tuchukue mfano wa muuza sembe wa Morogoro mjini. Hadi sasa anapeleka mahindi kwenye mashine ya mtu mwingine. Anataka ya kwake. Mradi mzima ni shilingi milioni 15: milioni 5 zake, milioni 10 za benki, za kulipwa kwa miezi 24. Bei zilizotumika ni za mfano, weka za soko lako.

Hesabu ya mwezi mmoja wa kawaida

Anza na kiasi, fedha zifuate baadaye. Magunia 80 ya kilo 100 ni kilo 8,000 za mahindi. Chukulia kila gunia linatoa kilo 75 za sembe, kilo 22 za pumba, na kilo 3 zinapotea kwa vumbi na uchafu. Usinakili viwango hivi. Koboa magunia matano, pima kila kinachotoka, andika wastani. Makosa ya kilo 3 kwa gunia, kwa bei ya sembe ya 1,200, ni shilingi 288,000 kwa mwezi.

Mapato: sembe kilo 6,000 kwa 1,200 ni 7,200,000, pumba kilo 1,760 kwa 400 ni 704,000. Jumla 7,904,000. Mahindi kwa 700 kilo yanachukua 5,600,000, zinabaki 2,304,000.

Matumizi ya mwezi:
- umeme 350,000
- viroba 240 vya kilo 25, kwa 600 kila kimoja: 144,000
- wafanyakazi wawili 400,000
- pango 150,000
- usafiri 200,000
- mikanda, chekeche na matengenezo 80,000
- kodi na leseni 100,000

Jumla 1,424,000, kwa hiyo salio ni 880,000. Hapo wengi husimama, na hapo ndipo andiko linapoharibika. Mwenye biashara anakula, ana ada za watoto. Usipoandika fedha ya nyumbani, afisa ataikadiria mwenyewe, na huwa hakadirii kwa huruma. Ondoa 250,000. Salio la kweli ni 630,000.

Rejesho: uliza riba inahesabiwaje

Kiwango peke yake hakitoshi. Milioni 10 kwa asilimia 18 kwa mwaka, riba ikihesabiwa kwenye deni lililobaki, rejesho ni takriban 499,000 kwa mwezi kwa miezi 24. Kiwango hichohicho kikihesabiwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, riba ni 3,600,000 na rejesho linafika 566,667. Tofauti inapita milioni moja na nusu, na kwenye karatasi zote mbili imeandikwa asilimia 18.

Kipimo kinachotumika sana ni hiki: kwa kila shilingi 100 za rejesho, biashara ibakiwe na angalau 125 kabla ya kulipa. Gawanya 630,000 kwa 499,000, unapata 1.26, umepita kwa shida. Gawanya kwa 566,667, unapata 1.11; umeanguka. Ukianguka, usipandishe mauzo kwenye karatasi. Omba muda mrefu zaidi, au punguza mkopo.

Mwezi mbaya

Baada ya mavuno mahindi huwa rahisi, kisha hupanda kadiri ghala zinavyopungua. Sembe hupanda pia, ila kwa kuchelewa na kwa kiasi kidogo. Jaribu: mahindi 800, sembe 1,300. Gharama imeongezeka 800,000, mapato yameongezeka 600,000. Salio linashuka hadi 430,000, na rejesho linapungukiwa takriban 69,000 kila mwezi. Hali ikidumu miezi mitatu ni karibu 208,000. Andika upungufu huo wazi kwenye jedwali la mtiririko wa fedha, na uoneshe akiba itakayouziba. Andiko ambalo miezi yote 12 inafanana linamwambia afisa kwamba mwandishi hajawahi kununua mahindi Februari.

Jambo la pili linalokausha fedha ni mali kauli, yaani kutoa mzigo leo na kulipwa baadaye. Ukianza na magunia 25 huku ukisaga 80 kwa mwezi, yanaisha baada ya siku tisa. Duka linalolipa siku ya 14 limekuacha siku tano mashine imelala, ingawa kwenye daftari umeuza vizuri. Kwa hiyo kwenye mtiririko andika fedha siku inapoingia mkononi, si siku mzigo unapotoka.

Milioni 15 zinakwenda wapi

Mashine ya kukoboa na ya kusaga pamoja na mota zake 9,600,000, kuunganisha umeme wa njia tatu 1,900,000, msingi wa zege na ufungaji 800,000, mzani na mashine ya kushonea viroba 500,000, magunia 25 ya mahindi 1,750,000, ada ya mkopo 200,000, akiba 250,000. Ada isipowekwa mapema, benki ikiikata unapokea milioni 9.8 na mradi unakwama kwa sababu ya nyaya.

Kila kifaa kikubwa kiwe na profoma ya muuzaji, yaani ankara ya bei inayotolewa kabla ya kununua, yenye tarehe ya karibuni. Benki nyingi humlipa muuzaji moja kwa moja. Umeme wa njia tatu unaweza kuchelewa kuliko mashine, hivyo omba rejesho lianze mwezi wa tatu, na uulize riba ya miezi hiyo miwili inalipwaje.

Sasa andika maelezo

Kurasa sita hadi kumi zinatosha. Soko: taja aina ya wateja, idadi, na kila mmoja anachukua viroba vingapi, "mahitaji ni makubwa" ni maneno matupu. Eleza mkopo unabadilisha nini. Katika mfano huu, aliyekuwa akilipa 100 kwa kilo kusagisha alitoa 800,000 kwa mwezi. Sasa umeme, matengenezo na mfanyakazi mmoja wa mashine ni 630,000. Ameokoa 170,000 tu. Kinacholipa mkopo ni pumba, 704,000, aliyokuwa akiiacha kule. Sentensi hiyo ina uzito kuliko ukurasa mzima wa dira. Muhtasari uandike mwisho, uweke mwanzo.

Viambatisho

Kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya biashara, cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mkataba wa pango unaozidi muda wa mkopo, usajili wa shirika la viwango, TBS, kwa kuwa ni chakula, na taarifa za benki na miamala ya simu za miezi 6 hadi 12. Mauzo ya andiko yasipishane mno na miamala. Kama nusu ya fedha haipiti benki, anza kuiweka miezi mitatu kabla ya kuomba, ukiwa na daftari la mauzo ya kila siku.

Lipa vijideni vya mikopo ya simu kabla ya kuomba. Vinaonekana kwenye taarifa zako za mikopo hata vikiwa vya elfu ishirini. Dhamana ikiwa nyumba ya familia, ridhaa ya mwenza kwa maandishi ni lazima kisheria. Zungumza naye kabla ya kupeleka faili, maana afisa atakuja kuitazama nyumba, na atamuuliza yeye.