Ukienda Lourdes, tenga siku moja ya milimani

Mahujaji wengi wanaofika Lourdes, Ufaransa, hawatoki nje ya eneo la Groto, yaani pango ambako Bikira Maria alimtokea msichana Bernadette. Wanarudi nyumbani bila kuiona milima ya Pirenei, na inaniuma, maana iko pale pale mlangoni.

Kama una siku moja tu, nenda Gavarnie, takriban kilomita 50 kusini. Ukishuka kijijini unatembea kama saa moja hivi, njia ni rahisi, kisha unasimama mbele ya ukuta wa mawe wa nusu duara wenye maporomoko ya maji ya zaidi ya mita 400. Mimi pale nilisali Rozari bila kupanga. Vaa viatu vilivyokwisha kuzoea miguu, na ubebe koti hata kama ni Julai. Huko juu hali ya hewa hubadilika ghafla.

Kilele cha Pic du Midi, mita 2,877, hupandwa kwa gari la kebo (cable car) kutoka La Mongie. Mwenye shida ya moyo au mapafu amuulize daktari kwanza.

Kwa wazee wetu nashauri Bartrès, kijiji jirani ambako Bernadette alichunga kondoo kabla ya kutokewa na Bikira Maria mwaka 1858. Ni karibu, ni kimya, na kwa hija kinagusa kuliko milima yote.

Popote uendako, panga kurudi mapema. Maandamano ya mishumaa huanza saa 3 usiku, kuanzia Aprili hadi Oktoba, na utayataka ukiwa umeshakula na kupumzisha miguu.