Kujifunza Urubani wa Burudani
Kabla ya kulipa ada ya mafunzo, nenda kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, kwa sababu bila cheti cha afya hutapata leseni ya rubani binafsi, hata ukiwa hodari namna gani. Viwango vya kimataifa hudai umri wa miaka 17 na, kwa kawaida, saa 40 za kuruka, zikiwemo 10 za kuruka peke yako. Wanafunzi wengi huhitaji zaidi. Unapokaribia kugusa ardhi, elekeza macho mwisho wa njia ya kurukia, na iwapo mwendo au kimo si sahihi, ongeza nguvu ya injini upae tena bila kusita, uamuzi ambao kwangu ni ustadi mkubwa kuliko kutua kwenyewe.